Shaba Iliyoota Vipele

Bamba la shaba likitoka salama kwenye tangi huwa laini na zito, rangi yake kama udongo mwekundu ulionyeshewa. Hili lililosimamishwa mbele ya Inspekta Honorine lilikuwa limeota vipele kuanzia juu hadi chini, vingine vikubwa kama punje za mahindi. Alipitisha kiganja juu yake, akakitoa na mchubuko.

"Yote iko hivi?"

"Yote, Mama Inspekta. Tangi zote." Enjenya Antoine, aliyekuwa na dhamana ya matangi, alijibu bila kumtazama. "Vipele vikikomaa vinafika ku bamba ya madini ya risasi yenye iko pembeni, umeme unakata njia, tangi inachemka. Na shaba yenyewe inafunga asidi ndani. Hakuna munuzi atachukua hii."

"Na Providence anaingia wapi?"

"Providence njo anatia dawa mu matangi. Patron anasema aliharibu kwa makusudi."

Patron mwenyewe, Direkta Sévère, alikuwa na sababu tayari: maji yalipoingia nyumbani kwa Providence, aliomba ruhusa ya kwenda kuokoa vitu vyake, akanyimwa. Kwa Sévère, hapo kesi ilikuwa imekwisha. Honorine hakupenda kesi zinazokwisha kabla ya kuanza.

Kiwanda kilikuwa kimebanwa kati ya mlima na ziwa, kusini kidogo ya Kalundu. Mvua zilikuwa zimemwaga mawe juu ya barabara ya kwenda Uvira mjini, na Ziwa Tanganyika lilikuwa limefunika barabara ya upande wa pili. Ilibaki njia ya miguu ya mlimani, nayo Sévère aliufunga mlango wake kwa kufuli, akiogopa wafanyakazi wasije wakatorosha shaba. Ndani ya ukuta walikuwamo wafanyakazi, wake zao, watoto wao, na majirani ambao ziwa lilikuwa limewafuata mpaka chumbani. Honorine aliletwa jana kwa mtumbwi wa injini, na mtumbwi huohuo ungerudi leo alasiri kumchukua yeye pamoja na mtuhumiwa. Providence alikuwa na mtoto wa kunyonya. Kwa kosa la kuhujumu kiwanda, asingetoka jela mpaka mtoto huyo awe anasoma.

"Kata," Honorine alisema.

"Nikate nini?"

"Bamba. Nataka kuona ndani yake."

Aliomba yakatwe mawili: moja lililozamishwa kwenye tangi kabla ya barabara kufungwa, na jingine lililozamishwa baadaye. Antoine akaleta msumeno wa chuma, akakata huku akiguna, kisha akasugua sehemu zilizokatwa kwa msasa. Bamba la kwanza lilikuwa na hadithi mbili. Upande wa ndani shaba ilikuwa imeshikana barabara, lakini upande wa nje ilikuwa chembechembe kama sukari guru. Bamba la pili lilikuwa chembechembe tupu, mwanzo mpaka mwisho.

"Shaba inaota kutoka ndani kwenda inje?"

"Ndiyo. Kila siku kidogo."

"Basi hii ilianza vizuri, kisha kitu kikabadilika. Na hii ingine haikuona siku njema hata moja. Kilibadilika lini?"

Antoine alihesabu kimoyomoyo. "Nyuma kidogo ya barabara kufungwa."

"Si umeme?"

"Umeme ya mto Ruzizi inakatika tangu nizaliwe," alisema kwa uchungu wa kweli. "Ikikatika, risasi inabanduka, inaingia mu shaba. Njo maana tunatia kobalti, ishikilie risasi. Nilipima. Risasi haiko mu shaba. Kobalti iko sawa, chumvi iko sawa."

"Imebaki nini?"

"Guari. Ni unga ya maharagwe ya Buhindi. Tunaikoroga mu maji, inakuwa utelezi. Inazuia sehemu moja ya shaba isiote mbio kuliko ingine. Bila guari, kila punje inaota kivyake, unapata vipele. Lakini guari iko, Mama. Nilipima magunia mwenyewe, hayakupunguka."

"Ulipima uzito."

"Ndiyo."

"Hukupima unga."

Antoine akaenda kuchukua ufunguo wa stoo.

Stoo ya dawa ilikuwa na mlango wa nondo, na kwa kuwa kiwandani hapakuwa na mlango mwingine wa namna hiyo, Sévère alikuwa amemfungia Providence humohumo. Kumfungia mtuhumiwa pamoja na ushahidi! Honorine alikuwa ameona mengi katika kazi yake, lakini hilo lilimkera hasa, na alimwambia Antoine afungue kwa sauti iliyomfanya aangushe ufunguo.

Providence alikuwa amekaa juu ya gunia. Mbele ya blauzi yake palikuwa pamelowa maziwa.

"Guari unaitia namna gani?"

"Vikombe vyenye Enjenya alinionyesha. Naikoroga, naimwaga. Sawa siku zote."

"Ufunguo ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa nao minye."

"Na nani mwingine?"

"Minye peke yangu."

"Itangishaka, mulinzi wa mlangoni, anasema alikuona unatoka na beseni yenye unga."

"Nilienda kuiosha."

"Beseni ya kuosha haifunikwi na kitenge."

Providence aliinuka kutoka kwenye gunia. "Mama Inspekta, unipeleke tu. Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kile Patron anasema."

Honorine alikuwa ameona watu wakikubali makosa kwa kipigo, kwa ulevi na kwa mapenzi. Huyu hakuwa na alama ya kipigo, na pombe ilikuwa imekwisha kiwandani kabla ya chumvi.

Aliomba kikombe cha maji. Akachota unga kutoka gunia lililofunguliwa, akautia, akakoroga kwa kidole, akakiweka kikombe ukingoni mwa dirisha. Wote watatu wakakitazama. Unga ulishuka polepole mpaka chini, ukatulia, na maji juu yake yakabaki maji.

"Guari ingefanya hivi?"

"Hapana," alisema Antoine. "Guari ingekuwa sawa na bamia. Ungeinua kidole, maji yote yangefuata."

Honorine alilamba kidole. Alizaliwa Lubarika, kijiji cha wakulima, na mtu wa Lubarika huwezi kumdanganya kwa unga. "Muhogo," alisema. "Na haukuanikwa vizuri."

Providence alifumba macho.

Hapo Honorine alielewa nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ilimsumbua zaidi. Mtu ameiba guari, akaweka muhogo mahali pake ili gunia lisionekane limepungua. Lakini ndani ya ukuta huu watoto walikuwa wanalala na njaa. Nani, katika njaa hii, angetoa chakula ili apate dawa ya matangi?

Hakupata muda wa kulitafuna swali hilo. Mlinzi Itangishaka alitokea mlangoni, rungu mkononi, macho mekundu kwa kutolala.

"Mama, ndugu yangu anakufa."

Ndugu yake, Félicien, alikuwa amelazwa kwenye chumba cha huduma ya kwanza tangu jana, tumbo limevimba na kukaza. Nje ya mlango watu walikuwa wamejazana, na neno lililokuwa likipita kutoka mdomo hadi mdomo lilikuwa moja: karuho. Ni sumu ambayo watu wa huku huamini hutiwa kwenye chakula ikamla mtu polepole, na kuitaja tu mbele ya watu wenye njaa waliofungiwa pamoja ni kumwaga petroli karibu na jiko.

"Ulikula nini, Félicien?"

"Uji. Sawa na bantu bote."

"Na kingine?"

"Hakuna." Akageukia ukuta.

Itangishaka alichovya kitambaa kwenye maji, akamfuta ndugu yake shingoni. Kitambaa kilipoiacha kola ya shati, kilivuta uzi mrefu wa utelezi, ukakatika. Honorine aliishika kola hiyo kwa vidole viwili. Iliteleza. Alinawa mikono, na utelezi ukakataa kutoka.

"Hii ni karuho," Itangishaka alisema, na hakuwa anauliza. "Nitamujua muntu mwenye aliitia. Patron anaweza kubakia na kesi yake ya shaba. Mwenye alimulisha ndugu yangu ni wangu."

Honorine alitoka bila kumjibu, akaelekea jikoni.

Njiani alikumbuka asubuhi yake. Alikunywa bakuli mbili za uji na kumsifu mpishi, naye si mtu wa kusifu ovyo. Ulikuwa uji mzito, wenye kuteleza kooni, na kilichobaki kwenye bakuli hakikujitenga na maji hata kilipopoa. Muhogo haufanyi hivyo. Alikuwa ameshika ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, akauomba mara ya pili, akaunywa.

Mpishi alikuwa Mama Nizigama, mjane aliyehamia hapa kutoka bonde la Ruzizi, mama mkwe wa Providence. Alikuwa akikoroga sufuria, mjukuu amelala mgongoni.

"Mama, leo wamekupa unga kiasi gani?"

"Kidogo, mwana wangu. Patron anapima mwenyewe."

"Na unalisha watu wote hawa."

"Mungu anaongezea."

"Mungu anatumia guari?"

Mwiko ulisimama. Kizee hakulia wala hakukana. Alichungulia mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa haraka, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Siku za kwanza nilikuwa naongeza maji. Nikaongeza, nikaongeza, ikabaki maji. Watoto wanalia. Nilijua mukamwana wangu iko na unga yenye kukaza, mukono moja tu, konzi moja, inakaza sufuria muzima. Nilimuomba. Alikataa. Nikamuomba tena. Mukamwana atamukatalia mama mukwe mara ngapi? Tukachukua guari, tukarudisha muhogo ule kidogo tuliokuwa nao, gunia lisionekane."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tuseme nini? Kama tulitia dawa ya tangi mu chakula cha bantu? Na Félicien iko analala kule, tumbo imevimba? Watanisikiliza, mwana wangu?"

Hawatakusikiliza, Honorine alisema moyoni. Mwenye njaa hana miiko. Bibi mgeni, mpishi, na mtu mwenye tumbo lililovimba: kwa mashtaka ya namna hiyo wazee hawafiki mahakamani. Alikuwa ameshaokota watatu barabarani, na hakuna aliyekuwa hai.

Sasa alijua kila kitu, na kujua kulikuwa kumemfungia mlango. Akisema ukweli, Providence anatoka stoo na mama mkwe wake anauawa kabla ya jua kuzama. Akinyamaza, kizee anabaki na sufuria yake, na mtoto huyu aliyelala mgongoni ananyang'anywa titi leo hii. Providence alikuwa ameshachagua, bila kumwuliza mtu. Honorine alimkasirikia na kumheshimu kwa wakati mmoja.

Kutoka ziwani ukasikika mlio wa injini. Mtumbwi ulikuwa umewahi.

"Guari imebaki?" aliuliza.

"Iko mu beseni, chini ya meza."

"Itoe. Tunakwenda kantini, mbele ya watu wote. Na ubebe sufuria."

Kizee alimtazama. "Unanipeleka wanipige?"

"Ninakwenda nawe," alisema Honorine. Hakuwa na ahadi bora kuliko hiyo.

Kantini ilijaa mpaka madirishani. Direkta Sévère alisimama karibu na meza, viatu vyake vikiwa vimepakwa rangi kama mtu anayengoja wageni. "Inspekta, mtumbwi uko hapa. Chukua mufungwa wako, muende."

"Leta Providence kwanza. Sitasema bila yeye."

Alipoletwa, mikono imefungwa kwa kamba, akaona sufuria, beseni na mama mkwe wake mezani. Akaanza kutikisa kichwa. Honorine alijifanya hamwoni. Alichota kijiko cha unga kutoka beseni, akautia kwenye kikombe cha maji na kukoroga. Kisha akakigeuza kikombe juu chini. Uteute ulining'inia, haukuanguka.

"Hii njo guari," alisema. "Unga ya maharagwe. Shaba ya Patron imeota vipele kwa sababu haikuipata. Haikuipata kwa sababu ilikuwa mu uji yenu, tangu barabara ifungwe. Bila hii mungekuwa munakunywa maji ya moto."

Kantini ililipuka. Benchi lilipinduka. Mwanamke mmoja alimtia mwanawe kidole kooni amtapishe. Itangishaka alikuwa anakuja, akisukuma watu kwa bega, rungu limeinuliwa.

Mama Nizigama hakukimbia. Alichota uji, akanywa funda la kwanza mbele ya wote, kama anywavyo huku kila anayemkaribisha mgeni kinywaji, ili mgeni aone hakuna baya ndani. Kisha akampa Honorine kwa mikono miwili. Honorine akanywa mpaka chini. Antoine, ambaye hakuna aliyemwomba, alikuja na kikombe chake.

"Inaliwa," alisema, akinywa. "Mu viwanda vya biskuti wanaitia. Ningelijua, ningeliwapa minye mwenyewe."

"Na ndugu yangu?" Itangishaka alikuwa amefika mezani. "Ndugu yangu alikula biskuti?"

"Ndugu yako atasema mwenyewe," alijibu Honorine. "Mulete."

Walimleta na mkeka wake, wakamweka sakafuni. Honorine alipiga magoti. Aliweza kusema yeye mwenyewe, lakini polisi mbele ya umati wa namna ile ni sauti tu. Ilibidi maneno yatoke kinywani mwa mgonjwa.

"Félicien, kola ya shati lako inateleza. Uji ukimwagika unakauka, unabanduka. Unga mukavu ukilowa jasho, unafanya hivi." Alivuta uzi wa utelezi, akauinua watu wauone. "Ulikula nini?"

Félicien alimtazama ndugu yake. Akawatazama wanawake waliokuwa wakigawana kijiko kimoja na watoto wao. Akafunga mdomo.

Hilo lilimtisha Honorine kuliko rungu. Kusema kwamba ulichukua peke yako kutoka chungu cha wote, mahali ambapo wote wana njaa, ni aibu isiyofutika mtaani. Mtu anaweza kuamua kufa nayo. Anaweza hata kuamua mwingine afe kwa ajili yake, na Félicien alikuwa karibu sana kuamua. Rungu lilikuwa bado juu.

Aliyezungumza alikuwa Providence.

"Félicien," alisema kutoka mlangoni, bila ukali. "Hakuna hapa mwenye hakuwa na njaa."

Mgonjwa alimgeukia Providence.

"Mikono mbili ya unga," alisema. "Nilikula mikono mbili, kavu. Ilikuwa mu beseni, mama mupishi alitoka kuchota maji. Nilizania ni muhogo." Akaanza kulia kama mtoto, na kila kwikwi ilimuumiza tumbo. "Ikaanza kuvimba. Niliogopa kusema."

Itangishaka aliteremsha mkono. Kisha akatazama rungu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake, akaliegemeza ukutani.

"Unga ule unakunywa maji tumboni na kuziba," Antoine alimwambia. "Anahitaji daktari. Sasa hivi."

"Mtumbwi ni wa mfungwa," alisema Sévère. "Huyu mwanamuke alitoa mali ya kiwanda. Amekubali mwenyewe."

Honorine aliinuka. Magoti yalimuuma, na subira yake ilikuwa imekwisha tangu stoo.

"Mtumbwi utachukua mugonjwa amelala, na mugonjwa amelala anachukua nafasi ya wafungwa wote. Kuhusu mali, Patron, wenye kuila ni hawa wote, na weye pia ndani yao. Kama unataka mashtaka, nitaandika. Nitaanza na muntu mwenye alifunga mulango ya mlimani, akapimia watoto unga kwa kijiko. Niandike?"

Watu wote walikuwa wakimtazama Sévère. Mkono wake ulienda mfukoni polepole. Alimpa Honorine ufunguo wa mlango wa mlimani, akatoka nje kupiga simu isiyokuwa na mtandao.

Antoine ndiye aliyekata kamba mikononi mwa Providence.

Mtumbwi uliondoka na Félicien amelazwa katikati. Hakukubaki nafasi ya mtu mwingine. Honorine angengoja safari ya kesho kama wengine. Kantini, Providence alikuwa amemfungua mtoto mgongoni mwa bibi yake, akamnyonyesha akiwa amesimama, macho yamefumbwa. Kisha alimkalisha mama mkwe wake kwenye benchi, akashika mwiko mwenyewe.

Hakuna aliyesogea. Watu walisimama na sahani zao, kila mmoja akimngojea mwenzake aanze.

Itangishaka alirudi kutoka ufukweni, suruali imelowa mpaka magotini. Alichukua sahani, akapita katikati yao, akasimama mbele ya sufuria bila kuinua uso.

Providence aliijaza. Itangishaka alipotaka kuivuta, yeye hakuiachia.

"Mupelekee Mama kwanza," alisema. "Kisha urudi, nikupe yako."

Itangishaka aliibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye benchi.